Mama Mkwe Kwenye Ncha ya Mshipi

Leo nimeaibika, jamani, na walioanza ni vyura.

Nilikuwa bado nimelala ndani ya tembe la mjomba wangu Chalo, giza tupu, sijaona hata kiganja changu mwenyewe, niliposikia: krro, krro, krro. Mbali, upande wa mbugani. Wengine wakaitikia, na wengine tena, mpaka ukuta wa udongo ukawa kama unanguruma. Ninyi mliobaki Dar es Salaam hamjui sauti hiyo ina utamu gani kwa mtu wa Bahi. Mvua ikitunyima, mbuga yetu ni vumbi na nyufa. Vyura wakilia, maji yamefika. Maji yakifika, kambale nao wamefika.

Nikaketi kitandani (ni ngozi ya ng'ombe, lakini acheni niite kitanda). Nikajiambia: basi, mke nimeshapata!

Nimeposa, kama mlivyosikia. Binti anaitwa Mbeleje, na ana kicheko kinachoanzia puani kikaishia mabegani. Baba yake, Mzee Ndahani, hana neno. Mifugo imekubaliwa. Aliyebaki ni mama mtu, na leo ndiyo alikuwa atoe jibu lake. Kila mtu Bahi alijua analotaka kusema. "Kijana yule ameharibikia pwani," amekuwa akisema kisimani. "Amekaa na Wadachi, amerudi na viatu. Heshima ameisahau huko huko."

Sasa nitamwonyeshaje kwamba sikuisahau? Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Hawasemezani wala hawapishani njiani. Mmoja akimwona mwenzake kwa mbali, anapinda na kupita kwingine, uso pembeni. Siwezi kumwamkia, siwezi hata kumtabasamia. Kilichobaki ni kumpelekea kitu. Kambale, kwa mfano. Kambale mnono, mweusi, mwenye ndevu kama akida!

"Chukua mgono," akasema mjomba Chalo, ambaye ndiye mshenga wangu. Mgono ni ule mtego wa kusuka kama kikapu, unautega jioni na kuutegua asubuhi. "Kila mtu hapa anavua kwa mgono."

"Mjomba, mimi nina fimbo."

Mjomba akaitazama kuanzia chini hadi juu. "Fimbo hiyo haijamchapa hata mbuzi."

Ninyi mnaikumbuka. Ni ile ambayo bwana wetu Mdachi alitengenezewa na fundi kwa kipimo cha mkono wake, ya kuvulia kule horini kwenye mikoko, na siku anapanda meli kurudi kwao akaniachia mimi pamoja na sanduku lake. Ni nyembamba, laini, ncha yake inacheza kama masharubu ya paka. Na mnakumbuka alivyokuwa akituhubiria: fimbo laini ipewe gurudumu dogo la kukunjia mshipi, mshipi wenyewe mwembamba na chambo chepesi, fimbo ngumu ipewe gurudumu kubwa, mshipi mnene na chambo kizito. "Msiozeshe wasiofaana!" Tulikuwa tukimwitikia, "Ndiyo, bwana," huku tukifikiria chakula.

Nikafungua sanduku. Gurudumu lililozaliwa pamoja na fimbo hiyo ni dogo, jeusi, na halitoi sauti. Nikalitazama kwa huruma. Nani ataozwa binti kwa gurudumu jeusi? Pembeni yake lilikuwepo lile kubwa la shaba. Liking'aa, unajiona uso. Mshipi ukitoka, linalia krrrrr, kijiji kizima kinageuka. Nikafunga la shaba. Juu yake nikazungusha mshipi mnene wa kitani, ule ambao siku moja papa aliuvuta na ngalawa nzima ikafuata. (Kwa ajili ya kambale. Najua.) Mwisho wake nikaufunga kwenye mhimili wa gurudumu, fundo juu ya fundo.

Chambo nacho! Kulikuwa na kijiko kidogo cha shaba, chepesi kama jani, mwenzi halali wa fimbo hiyo. Nikakiacha. Nikamchukua samaki wa mti, mkubwa kama gunzi la mahindi, kichwa chekundu, ndoana tumboni na ndoana mkiani. Ni mzuri mno! Nikimtazama nilijiona tayari bwana harusi.

Tukashuka mbugani. Maji yalikuwa yametandaza anga chini, mawingu yanaogelea kati ya matete, na nusu ya Bahi ilikuwa ukingoni. Wanaume wanategua migono. Wanawake wako upande wao na vikapu. Mbeleje alikuwepo, ananitazama kwa pembe ya jicho. Nikavua viatu ili nisichokoze watu. (Heshima, mnaona?) Sanduku nikaliweka chini, nyuma yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema Mzee Ndahani. "Hicho ni nini, mwanangu?"

"Ni fimbo ya kuvulia, baba."

"Na chambo?"

Nikamwonyesha samaki wa mti. Akamshika, akamgonga kwa ukucha, akamnusa.

"Samaki anakula mti?"

"Hali, baba. Anadanganyika."

"Ahaa. Basi kambale wetu watakuwa na akili kuliko hao wa pwani."

Watu wakacheka. Mbeleje naye, puani hadi mabegani. Hapo damu ikanichemka. Nikasimama kama nilivyomwona bwana akisimama, mguu mmoja mbele, kifua nje, macho kwa Mbeleje.

Macho yangekuwa nyuma, nisingekuwa nawasimulia haya. Maana muda huo huo mama Mbeleje alikuwa anakuja kutoka nyumbani na kikapu kichwani, na njia inapita pale pale nilipokuwa nimesimama. Akaniona mgongo. Akafanya kama desturi inavyotaka: akapinda, akaingia kwenye matete, akapita nyuma yangu, uso pembeni, taratibu, bila kutoa sauti. Mama wa watu!

Nikapeleka fimbo nyuma. Ncha ikapinda kwa uzito wa yule samaki, ikakaribia kugusa ardhi kama bua la uwele lililokaliwa na ndege. Nikairusha mbele kwa nguvu zangu zote.

Fimbo ikaja mbele. Samaki akabaki nyuma.

Halafu: krrrrr!

"Nimepata!" nikapiga kelele. Nisameheni, mkono unalisikia gurudumu kabla ya akili. Nilishasema kabla sijafikiri kwamba maji yako mbele yangu na mshipi unakwenda nyuma yangu. Hakuna aliyenishangilia. Mzee Ndahani alikuwa amefumba macho. Mbeleje amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Nikageuza shingo kidogo tu. Nikaona kikapu. Chini ya kikapu, mgongo. Chini ya mgongo, kaniki nyeusi, na kwenye pindo la kaniki samaki wangu mwenye kichwa chekundu ananing'inia, anacheza kushoto na kulia. Nikarudisha uso majini kama mtu aliyepigwa kofi.

Yeye alihisi anavutwa. Angegeuka, angenitazama usoni. Hakugeuka. Akaongeza mwendo.

"Kata!" akafoka mjomba Chalo kutoka kwenye maji.

Kisu kilikuwa sandukuni. Sanduku lilikuwa nyuma yangu. Na nyuma yangu alikuwa mama mkwe. Nikaung'ata mshipi kwa meno. Papa alishindwa, sembuse mimi! Niitupe fimbo? Ingeburutwa, ikwame kwenye matete, na kaniki ya mama wa watu ibaki huko. Nilichoweza ni kulegeza tu, na gurudumu likazidi kulia. Wanaume wa Bahi nao wakapata sauti zao.

"Usimvute kwa ghafla!"

"Mwache achoke kwanza!"

"Huyo ni mkubwa, bwana, huyo humtoi peke yako!"

Mbeleje akamkimbilia mama yake ili amnasue. Nikasikia kule nyuma sauti ambayo kwa desturi sikupaswa kuisikia: "Usiniguse! Unifunue hapa mbele za watu? Twende nyumbani!"

Na mshipi ukaisha. Fundo langu kwenye mhimili likashika barabara. Fundo zuri kuliko kazi zote nilizowahi kufanya.

Basi nikafuata, jamani. Nifanyeje? Lakini siwezi kwenda nikimtazama mgongoni. Nikafuata kinyumenyume. Yeye mbele na kikapu, hajageuka, anatembea kama malkia. Mimi nyuma, kisogo mbele, nimekumbatia fimbo, navutwa kwenye majaruba ya mpunga kama mzigo wa kuni. Bahi yote ikaacha samaki ikatusindikiza. Mzee Ndahani alitembea kando yangu, mtu mwema, ananielekeza.

"Mwanangu, kuna shimo nyuma yako."

"Asante, baba," nikajibu kutoka ndani ya shimo.

Nikainuka. Nikaanguka tena. Nikabiringika. Tope likaingia masikioni, na kwa kitambo kidogo dunia ikawa na amani.

Tulipofika kwake, mama Mbeleje akainama akaingia ndani ya tembe na binti yake. Mshipi ukapita juu ya kizingiti, ukapotelea gizani. Mimi nikakaa chini nje, mgongo mlangoni, nikaanza kukunja mshipi uliolegea: kri, kri, kri, kwa aibu. Kesi ikaanza. Mama alisema na Mbeleje, Mbeleje akasema na baba yake mlangoni, baba akasema na mjomba Chalo, mjomba akasema na mimi. Sote tulikuwa tunasikia tangu neno la kwanza, lakini tulisubiri zamu.

"Anauliza," akasema mjomba, "huko pwani ndivyo wanavyoposa?"

"Mwambie hapana."

"Anasema hapana." "Anasema hapana." "Mama, anasema hapana."

"Nimesikia," akasema mama.

Ndani kulikuwa giza kama chungu, Mbeleje anapapasa pindo, anatafuta ndoana. Nilikaa nikitazama vidole vyangu vya miguu, na kati yake niliona maisha yangu yote bila yeye. Mzaha uliniisha hapo, ndugu zangu. Nilikuwa tayari kuambiwa niende.

"Imetoka!" akasema Mbeleje.

Halafu sauti ya mama, polepole. Ikasafiri kwa Mbeleje, kwa baba, kwa mjomba, na mjomba alipoifikisha alikuwa amebadilika uso.

"Anasema umeburutwa matopeni, umeanguka, umechekwa na wakubwa kwa wadogo, na hukugeuka kumtazama. Anasema heshima hiyo hata waliokaa hapa hapa Bahi hawana. Amekupa binti yake."

(Mwanzoni ilikuwa heshima kweli. Baada ya kubiringika kwenye lile shimo, mshipi ulikuwa umenizunguka shingo na bega. Ningetaka kugeuka nisingeweza. Lakini hilo nawaambia ninyi tu, na nitakana.)

"Anataka kaniki mpya," mjomba akaendelea. "Na fimbo hiyo iachwe hapa. Wataanikia nyama."

"Mwambie nimekubali."

"Nimesikia," akasema mama.

Sasa nilipaswa kukaribishwa ndani nile ugali wa uwele na mlenda kama mtoto wa nyumba. Lakini mkwe haingii mama mkwe akiwa ndani. Kwa hiyo yeye ilibidi atangulie kutoka, kwa mlango wa upande wa zizini. Nikasimama kizingitini, mgongo ukiwa umeelekea ndani, fimbo mkononi, tope linakauka mashavuni, nimejaa furaha. Mshipi ulikataa kukunjika zaidi. Nikadhani umenasa kwenye jiwe la kusagia.

Tafadhalini, msicheke. Mtu mwenye furaha hakumbuki kwamba samaki wa mti ana ndoana tumboni, na nyingine mkiani.

Nikasikia hatua zake zikivuka chumba, nyepesi, za mama aliyeridhika. Mlango wa zizini ukalia, ukafungwa nyuma yake, na gurudumu mkononi mwangu likaanza: krrrrr.