Mama Mkwe Aliyeacha Sweta Msanzi

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya mama mkwe. Na macho yangu mazima!

Mnanijua. Tangu kidato cha pili naishi ndani ya ukungu, hata mke nimeoa humohumo. Mwaka juzi nikapandikizwa konea, kile kioo cha mbele cha jicho, ya marehemu nisiyemjua (Mungu amlaze pema). Ukungu ukaondoka, ila vitu, hata sura za watu, vikawa vimepindapinda. Mwezi uliopita madaktari wakanimalizia kwa mwanga wa leza. Dakika chache tu! Juzi nimerudi Sumbawanga, na bado nashangaa. Jana asubuhi nimeona mvuke ukimtoka mke wangu mdomoni kwa baridi. Nimelia, sifichi.

Leo saa nne nipo nje naota jua. Akaja mwanamke, kitenge kipya cha manjano, kilemba kimesimama. Akatua mbele yangu, kimya, anatabasamu.

"Mambo, dada! Umependeza kweli!" nikamwambia, nimekaa vilevile, mguu juu ya mguu.

Tabasamu likafutika. (Kwetu mkwe wa kiume ndiye anayeanza: unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unaamkia. Mwenzangu alikuwa anangoja makofi yake.)

"Mama Vero!" akapiga yowe. "Njoo haraka! Mumeo haoni! Wamemharibu jicho!"

Sauti ile! Nikafumba macho niisikie vizuri (mazoea). Mungu wangu, mama mkwe!

"Ona sasa, hata kulifungua hawezi!"

Miaka yote namtambua kwa sweta lake la bluu. Sura sijawahi kuiona! Nikashuka chini, nikachuchumaa, nikapiga makofi mpaka kuku wakatawanyika.

"Shikamoo mama! Naona! Naona kila kitu!"

"Unaona nini?"

"Una kidoti chini ya jicho la kushoto. Kama cha binti yangu Vero."

Akajigusa pale.

"Marahaba, baba. Sweta nimeliacha nyumbani Msanzi makusudi," akasema. "Siku ya kwanza ya kuniona, nilitaka unione nimependeza."

Nilimtazama yule mama, kila mkunjo wa uso wake, nikasahau hata kusimama. Mke wangu yuko mlangoni, anacheka huku ameshika ukuta.

Jicho limepona, ndugu zangu. Adabu ndiyo bado. Na msicheke, siku hizi naona mpaka mbali.