Ramani Yangu Ilisema Hakuna Msitu

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya halmashauri nzima ya kijiji na kikundi cha wafuga nyuki. Naandika hapa bado nina tope masikioni. (Ndiyo, masikioni. Mtaelewa.)

Mnanijua. Mimi ndiye yule wa kuuliza "ushahidi uko wapi?" hata kwenye harusi za watu. Chuoni nilimhoji mhadhiri mpaka akafunga kipindi mapema. Sasa nina kazi ya muda kwenye mpango wa mkoa wa kuhifadhi misitu: wapi kuna msitu wa kutunzwa ili ufyonze hewa ukaa, wapi ardhi imechakaa, ipandwe mikaratusi. Nachora ramani kutokana na picha za setilaiti. Kijani ni msitu. Njano ni ardhi iliyochakaa. Rahisi!

Leo nilipeleka ramani kwenye kijiji kimoja upande wa Rungwe Mpya, halmashauri iipitishe. Asubuhi pale Kasulu, kamba ya kuifungia kwenye pikipiki ikakatika. Nikavua mkanda wa suruali, nikaifunga nao. Nikajiona mbunifu. (Ukumbukeni huo mkanda.)

Mwenyekiti akaitandaza mezani. Mama Yasinta, kiongozi wa wafuga nyuki, akaweka kidole kwenye njano kubwa kuliko zote.

"Hapa ndipo mizinga yetu ilipo. Mbona umepaka rangi ya jangwa?"

"Mama, setilaiti haikuona hata jani moja. Hapo patang'olewa visiki, ipandwe mikaratusi."

"Patang'olewa?" Akakaa. Akasimama tena. "Maji tunayokunywa yanatoka humo, mwana wanje." (Yaani mwanangu, kwa lugha ya kwao.)

Nikatabasamu. Siku hizi kila kijiji kinadai kina msitu. Nikasema kwa sauti, asikose mtu kusikia: "Twende sasa hivi. Nikiukuta msitu, hii njano nitaifuta kwa mkono wangu, mbele yenu wote."

"Andika hayo," Mama Yasinta akamwambia mtendaji wa kijiji.

Akaandika! Na tarehe akaweka.

Tukatembea kama nusu saa, mimi mbele na kishikwambi changu, vumbi mpaka kwenye meno. Tukapanda kilima, tukashuka upande wa pili. Nikasimama ghafla.

Miombo. Miombo mpaka macho yanapoishia, na yote imechipua. Majani mapya, mekundu! Mengine rangi ya shaba, mengine kama tikiti lililopasuliwa. Mvua haijadondosha hata tone, nyasi zimekauka, lakini juu yetu kila tawi lilikuwa bichi, jua likipenya kwenye majani na kutupaka wote wekundu mikononi. Nyuki walikuwa wakivuma huko juu kama kanisa ambalo kila mtu anasali kwa sauti ya chini. Nikatafuta swali la kuuliza. Sikulipata. Mimi!

Ningeishia hapo ningebaki na heshima. Lakini ubishi ni maradhi. Nikachungulia kishikwambi: ardhi kavu, isiyo na miti.

"Sawa, miti nimeiona," nikasema. "Maji je?"

"Buhoro, polepole, mwanangu. Pita huku kwenye mizizi. Hapo mbele yako..."

"Hapa mbele ni pakavu, Mama. Ramani inaonyesha."

Nikakanyaga majani makavu. Yakafunguka, chini yake tope.

Magoti. Mapaja. Kiuno. Mkono mmoja nimeuinua juu na kishikwambi.

"Ramani inaonyeshaje sasa?" mwenyekiti akauliza, kwa upole kabisa.

Nikajaribu kujitoa kwa nguvu, nikaanguka kifudifudi. (Masikio ndipo hapo.) Wanaume wawili wakanishika kwapani. "Moja, mbili, tatu!" Nikachomoka. Mabuti yakabaki. Suruali, isiyo na mkanda, ikaona heri ibaki na mabuti.

Bukta yangu ilikuwa ya njano.

"Ardhi iliyochakaa hiyo," mwenyekiti akasema.

Walicheka mpaka mtendaji akashika mti. Mama Yasinta akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akanifunga mwenyewe, kama mtoto aliyetolewa kwenye beseni.

"Hiyo picha ilipigwa lini?"

"Katikati ya kiangazi, Mama."

"Katikati ya kiangazi miti hii inapukutisha majani yote, kisha inachipua kabla ya mvua. Mmeipiga picha imevua nguo, ukaandika imekufa. Wewe nawe sasa umevua. Tukuandikeje?"

Akachota maji kati ya mizizi kwa viganja viwili, akaninywesha. Ya baridi! "Mimi nilitoka Burundi nikiwa mgongoni mwa mama," akasema. "Tulipofika, maji haya ndiyo tuliyopewa kwanza." Kiangazi chote yalikuwa yakitoka pale, chini ya miti niliyoiua kwa kubofya mara moja, nikiwa kwenye kiti mjini. Nikasimama pale na kitenge changu, mdomo wazi, nikiangalia juu.

Tuliporudi, mwenyekiti akaagiza penseli ya kijani shuleni. Nikainama mezani, pekupeku, nikaanza kuifunika njano. Halmashauri nzima imenizunguka. Mtendaji akasoma ahadi yangu neno kwa neno, na tarehe yake. Nilipodhani nimemaliza, Mama Yasinta akainamia karatasi.

"Hapo pembeni bado."

(Anataka ushahidi, mama wa watu!) Nikapaka pembeni.

Sasa niko Kasulu, kitenge nimekifua, nitakirudisha. Ramani ina njano nyingine nyingi, na zote nilizipaka mimi. Kuanzia kesho nazipitia moja moja, kwa miguu. Tafadhali asicheke mtu. Mkanda wa kuvaa ninao, wa kufungia ramani nimenunua.