Uzinduzi wa Honi ya Gari la Mlimani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uzinduzi, ambaye pia ni mimi. Mheshimiwa Katibu wa Ununuzi, ambaye ni shemeji yangu. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kukagua Matairi, mlio kazini na mlio likizo. Dada yetu mkunga wa zahanati. Fundi wetu wa magari, nimekuona, toka nyuma ya nguzo. Na wengine wote ambao vyeo vyenu vimezidi pumzi zangu, jihesabuni mmetajwa. (Makofi ya adabu.)

Ndugu wananchi, mtakumbuka mlikuja ofisini kwangu, mkunga akiwa mbele, mkaniambia kwamba mvua ikinyesha njia ya mlimani huwa tope tupu, na akina mama wakishikwa na uchungu huteremshwa zahanati wakiwa wamebebwa kitandani, hivyo mnaomba gari la mtumba, hata kuukuu, ilimradi linapanda. Nikasema nitalishughulikia, na tangu siku hiyo sijapata usingizi. (Sauti: “Mbona umenenepa?” Kicheko.)

Tulianza na upembuzi yakinifu, ukafuatiwa na semina elekezi ya kuuelewa huo upembuzi yakinifu, kwa sababu gari la mtumba lina hila zake, linaweza kung'aa usoni huku chini limeliwa na kutu. Fundi alituletea moja, bei ndani ya bajeti yetu ndogo, injini haivuji, gia zinashika, magurudumu yote manne yanavuta. Lakini kamati yangu, yenye weledi wa asilimia tisini na nane, iligundua kasoro kubwa: lilikuwa na matope. (Fundi: “Mheshimiwa, si ndiyo kwanza lilikuwa limeshuka mlimani?”) Hapo hapo, fundi. Lilishatumika mlimani! Sisi tulitaka gari la mlimani lililotumika kwenye lami, na mtu mmoja mstaarabu, wa kwenda kazini na kurudi. Lile nasikia alilichukua mfanyabiashara wa mbao, akahama nalo, hongera zake. Sisi tukasafiri kutafuta la kwetu, hoteli hadi hoteli, mpaka bajeti ikaanza kuhema.

Ndipo nilipobuni, na historia inikumbuke, Mkakati wa Kununua Gari kwa Awamu. Awamu ya kwanza ni hii honi mnayoiona mezani, juu ya kitambaa. Kwa nini honi? Kwa sababu gari bila honi ni hatari kwa umma, lakini honi bila gari haijawahi kumgonga mtu. (Shemeji peke yake anapiga makofi.) Ajali sifuri, ndugu zangu. Awamu ya pili ni kioo cha kutazamia nyuma, ya tatu jeki, na magurudumu, Mungu akipenda, wajukuu zenu watayaona.

Dada mkunga, naona unanipungia mkono. Sema, mama. (Mkunga: “Mheshimiwa, mke wa mwashi ameshikwa na uchungu huko juu, na mtoto amekaa vibaya. Hilo gari lako linapanda. Tuazime.”) Ombi limepokelewa. (Mwashi: “Mzee, mimi siombi lipokelewe. Naomba ufunguo.”) Mwanangu, nakuelewa, na mimi ni mzazi. Jibu lako limo katika shukrani, na shukrani ndizo naziingia sasa.

Honi oyee! (Wachache: “Oyee.”) Awamu kwa awamu, tutapanda!

Nawashukuru nyote kwa kuupokea mradi huu, ambao tutauombea fungu mara tu utakapoandikwa mahali. Kipekee namshukuru dereva wangu, ambaye leo asubuhi, tulipogundua kuwa hata pesa ya honi iliishia kwenye semina, aliing'oa honi ya gari langu ili tupate cha kuzindua. Sasa, mwashi mwanangu, sheria za barabarani, ambazo mimi ndiye msimamizi wake, haziruhusu gari lisilo na honi kutembea.

(Mwashi na mkunga wanaondoka mbio. Wanaume wanne wanakwenda kuchukua kitanda cha zahanati. Watu wote wanainuka, wanawafuata kuelekea mlimani.)

Naona mmesimama. Mmesimama wote, hadi shemeji. Asanteni, asanteni sana kwa heshima hiyo. Basi, mnaweza kuketi.