Meneja na Mayai Kumi na Mawili

Jumatatu, 3 Machi
Aibu. Kuku ameatamia siku ishirini na tatu, na mayai yote tisa ni viza. Mama watoto anasema jogoo wangu, Meneja, ni pambo la banda. Jogoo niliyemlea kwa mkono wangu, kilo tano na ushee! Hukumu imetoka: Jumapili ya tarehe kumi na sita mama mkwe wangu anakuja kutusalimia. Pasipokuwa na mayai yenye mbegu siku hiyo, Meneja anaingia sufuriani.

Jumanne, 4 Machi
Kinyozi wa jirani, ambaye kijogoo chake chembamba kina vifaranga kila kona, amekuja kucheka bila kualikwa. Eti Meneja amenenepa mno, hawezi kumpanda mtetea bila kuporomoka. Wivu mtupu. Nimemtazama Meneja akijaribu. Ameporomoka.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango! Nusu chakula, mazoezi asubuhi na jioni. Mimi natangulia na kopo la mahindi, Meneja ananikimbiza kuzunguka banda. Mpaka sasa anayepungua ni mimi.

Jumatatu, 10 Machi
Meneja amepanda mitetea watatu kabla sijamaliza kupiga mswaki. Nimempigia makofi. Mama watoto ameanza kuweka mayai kwenye kikapu, ya kuatamiwa. Ameniambia nisiyaguse, utadhani nimeoa askari wa ghala.

Jumapili, 16 Machi
Siku ya hukumu. Kinyozi amekuja kushuhudia, akasema yai lenye mbegu hujulikana ukilipasua: kile kidoa cheupe juu ya kiini huwa na duara. Nimepasua moja. Duara! Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na yai moja halimwokoi jogoo. La pili, duara. La tatu, duara. Bandubandu, gogo likaisha. Kumi na mawili kwa kumi na mawili!

Mama mkwe alipobisha hodi nilimpokea na bakuli mkononi. Mama watoto akauliza kuku ataatamia nini. Swali nje ya mada. Mama mkwe akainama, akatazama viini kimoja kimoja, akasema jogoo hana kasoro, mwenye kasoro yuko karibu na bakuli. Kinyozi alikuwa amesimama hapo hapo. Nilimwonea huruma, kuaibishwa hivyo kwenye nyumba ya watu.

Meneja amepona! Tumekula mayai mchana na jioni. Mama watoto amekula huku akifuta macho kwa kanga. Furaha humliza mtu.

Jumatano, 19 Machi
Mama mkwe amemhurumia binti yake. Ametuletea mayai kumi ya kuku wake mwenyewe, akarudi kwake. Kuku wetu ataatamishwa leo leo. Mama watoto ametoka kutafuta majani makavu ya kiota, na ameniambia nikae mbali na kikapu. Nimekaa mbali. Dakika tano nzima.

Lakini mtu mzima hapokei mzigo bila kuukagua. Huyo jogoo wa mama mkwe, nani anamjua? Nani amewahi kumpima?

Kumi kwa kumi! Nimemtumia mama mkwe ujumbe wa pongezi: shikamoo mama, jogoo wako naye ni dume.