Hotuba ya Kufungua Nyumba ya Profesa wa Kansa, Nchelenge

Bakubwa ba Wilaya, ambao bangefika kama bangefika, bakubwa ba Chama, bashefu bote, benye viti na benye kusimama, bapasta, bamama ba kukausha chisense, samaki badogo ba ziwa letu, bandugu ba biashara ba Zaïre, munaovuka ziwa Mweru na chumvi na vitenge, na ninyi batoto munaoruka juu ya mitumbwi ya batu, shukeni, mukwai: mutende kwenu bote!

(Batu: Mutende!)

Mimi, Chisenga, Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Sayansi, Maendeleo na Kivuko, nitasema Kiswahili, ingawa Kiingereza kimenijaa mpaka hapa (anajishika koo), juu bandugu ba ng'ambo basikie nao. Leo tunafungua Nyumba ya Risechi ya Kansa. Musiangalie huku na huku! Angalieni utepe.

(Utepe umefungwa kati ya baisikeli mbili za kubebea samaki. Nyuma yake kuna nyasi na mbuzi.)

Katika pulani ya kisasa, kwa msingi wa koodinesheni na implementesheni, utepe njo unatangulia, ukuta unafuata, na mulango unakuja kama kuna nafasi.

(Mama Dorica wa Kabuta, mwenye kivimbe chini ya sikio, anapiga magoti na kugonganisha mikono polepole, vile batu ba hapa banaombaka ruhusa ya kusema na mukubwa.)

Asante, mama, kwa makofi! Kumbe munapenda. Nitarefusha.

Profesa Nsama, ndani ya mwaka mumoja tu, ametoa maandishi mia moja arobaini na tatu juu ya bayoloji ya kansa, maana yake vile kipande kidogo sana cha mwili, kile macho hayaoni, kinaasi na kuanza kuzaa bila ruhusa ya Chama. (Kicheko.) Na ukubwa wa mutu wa sayansi, kule Ulaya, haupimwi kwa tumbo. Unapimwa kwa vile benzake banamutaja mu maandishi yao. Sisi ba Kamati tulikaa, tukanywa chai, tukasema: kwa nini tungoje Ulaya? Tutamutaja sisi benyewe. Bote pamoja, semeni: Nsama!

(Batu: Nsama!)

Na batoto!

(Batoto: Nsama! Mbuzi nayo inalia.)

Karani, andika mara mia sita. Ile ya mbuzi weka pembeni, tutauliza Lusaka.

Na maandishi yake yanasomwa mpaka ng'ambo! Ba Mulumba huyu, muchuuzi wa Zaïre, alipeleka samaki Lubumbashi, amezifunga ndani ya karatasi ya Profesa. Si kweli, ba Mulumba?

(Mulumba: "Yangu ilikuwa na picha ya trakta, mukubwa!")

Trakta ya sayansi! Inalima ugonjwa!

(Mama Dorica anagonganisha mikono tena, kwa nguvu kidogo.)

Asante, mama, asante sana, utaumiza vidole.

(Mulumba: "Hapana makofi hayo, mukubwa! Mama anaomba kusema!")

Hata mimi niliomba kusema, na sasa nasema. Kila mutu na zamu yake.

Munakumbuka nilikuja hapa kabla ya mvua, nikaambia benye vivimbe: musijichokeshe kwenda hospitali ya Mansa, ngojeni Profesa. Na mulingoja! Hiyo njo nidhamu! Bagonjwa betu bamengoja asilimia mia moja. Mansa, hata bafanye nini, haiwezi kufika ile namba.

Nikimaliza, nashukuru mafundi, ambao bangejenga vizuri sana kama bangeitwa. Nashukuru benye kutoa musaada, ambao tutabaandikia. Zaidi ya bote namushukuru Profesa Nsama, ambaye amefanya haya yote bila kusumbua serikali hata na mushahara, juu kiti chake kiko wazi bado, na siku tutamupata mutu wa kukikalia, atakuta sifa zake tayari, na jina pia.

(Mama Dorica anasimama. Sasa hapigi mikono. "Kumbe hayuko?")

Hayuko, mama. Lakini ametajwa.

("Niliacha kwenda Mansa juu yake. Kilikuwa kama punje ya karanga, angalia sasa! Shingo hii haijui kungoja, tata.")

Karani, andika: ametajwa tena.

(Mama Dorica anatembea mpaka kwenye Land Rover ya Mwenyekiti, anaingia, anakaa. Dereva Rabson anamufungia mulango vizuri.)

Rabson! Ile motoka ni ya shuguli za Kamati!

(Rabson: "Kansa si shuguli ya Kamati, bwana?" Batu ba Kabuta banasukuma motoka. Inawaka.)

Rabson, mutoto wa batu! Na mimi nitalala wapi?

(Rabson: "Lala kwa Profesa!" Land Rover inashika njia ya Mansa, batoto banakimbia nyuma yake.)

Basi... Sayansi, juu! (Batu banaangalia vumbi la motoka.) Kansa, chini! (Mbuzi.) Asanteni sana. Karani, andika: leo Nyumba yetu imetuma mugonjwa wake wa kwanza hospitali, na motoka. Bamama, musitawanyike! Mbu ba hapa nabajua. Mwenye mukeka wa kuazima, mukwai, anyooshe mukono.