Ombi la Kurudishiwa Silabi Mbili

Bweni la Wafanyakazi,
Al-Sulay, Riyadh.

Kwa Mhandisi Ian, msimamizi wa simu za mtandao,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Onesmus, mlinzi wa lango la pili, yule aliyekushikia ngazi ulipofunga kifaa cha Wi-Fi bwenini kwetu. Ulitueleza vizuri siku hiyo: kifaa kinabeba simu kumi na mbili kwa wakati mmoja, na ya kumi na tatu ikiingia, zote zinaanza kukatika maneno. Tuko wanaume arobaini. Ulisema kumi na mbili zinatosha, kwa kuwa mtu wa kawaida hupiga simu mara moja kwa siku, dakika tatu, kila mmoja kwa wakati wake.

Nasikitika kukujulisha kwamba mtu huyo haishi hapa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Dakika tatu hazitoshi. Japheth wa kitanda cha juu humsalimu mama yake dakika nne kabla hajafika kwa ng'ombe, na ng'ombe ni watatu.

2. Wake zetu na dada zetu wanafanya kazi za nyumbani Jeddah, wengi mtaa wa Al-Hamra, na hushika simu pale tu madam anapolala baada ya chakula cha Ijumaa. Madam wote hulala saa tisa. Saa tisa na dakika moja, sote arobaini tuko hewani.

3. Ijumaa iliyopita mke wangu Jerioth aliniuliza: "Baba Valary, kafili, huyu mwajiri wangu, ameleta mkataba wa miaka miwili tena. Nisaini ama nirudi nyumbani?"

Nikamjibu, "Usisaini."

Papo hapo Elly, mwenzetu wa bwenini, akaingia na simu ya kumi na tatu, kuulizia matokeo ya mpira.

"Sawa," Jerioth akasema, "nasaini."

"Usi! Jerioth, usi!"

"Sikusikii vizuri. Madam ameamka, halas, basi."

Akasaini. Mtandao wako umemeza silabi mbili, na pamoja nazo miaka miwili ya ndoa yangu.

4. Kwa hivyo naomba vifaa vitatu zaidi. Visipopatikana, kampuni iwaandikie madam wa Al-Hamra walale kwa zamu, kumi na wawili kumi na wawili, wa Jerioth akianza. Wakikataa, basi Kiswahili chenyewe kirekebishwe, "usi" ihamie mwisho wa neno, mahali penye mtandao.

Wasalimie wote ofisini, hata yule wa mapokezi anayeniambia "yalla, nenda" kabla sijamaliza kueleza shida.

Wako anayengoja laini,
Onesmus

N.B. Nikitafuta bahasha, ujumbe wa sauti wa Jerioth umeingia, safi, hakuna neno lililokatika. Anasema: "Baba Valary, nimeambiwa unaandika barua. Usisumbue watu. Hiyo 'usi' niliisikia. Nyumbani nilikuwa nalala wa mwisho na kuamka wa kwanza, na hakuna aliyenipa karatasi ya kusaini. Huku madam akilala, hiyo saa ni yangu peke yangu. Niachie hii miaka miwili."

Nimeusikiliza mara tano. Mhandisi, hesabu zako ni sahihi, usiongeze kifaa chochote. Ila watu wa nyumbani wakiniuliza, nitasema ni mtandao. Nawe ukiulizwa, tafadhali sema hivyo hivyo.