Mdudu wa Manyoya Ukweni

Jamani, leo nimeaibika, tena ukweni. Na ukweni kwenyewe bado hawajakubali kuwa ukweni.

Mnajua mimi ni fundi cherehani hapa Korogwe. Juzi Bwana meneja wa shamba la mkonge alinijia barazani na mdudu. Si mdudu wa kweli. Ni ndoano ndogo iliyozungushiwa uzi na manyoya ya shingo ya jogoo, ya kunasia samaki wa kizungu waliowekwa kwenye kijito kule Bungu. Macho ya Bwana siku hizi hayaoni uzi mwembamba, akataka nimfungie wengine kama huyo. Akaniachia huyo mmoja, wa mwisho, na kesho anamfuata.

Nikamtazama. Hovyo! Nyuzi zinaning'inia nyuma, mabawa yamekunjamana, mgongo umefura. Ningeshona hivyo, wateja wangenikimbia. Bwana akasema ndivyo anavyotakiwa: huyu ni mdudu anayetoka majini, nusu yumo kwenye gamba, nusu keshatoka. Sikumwamini, lakini maneno yale yalinikaa kichwani. Mdudu anajitoaje kwenye gamba juu ya maji?

Leo ilikuwa siku ya kwenda Bungu kujitambulisha kwa kina Hidaya, binti ninayetaka kumuoa. Nilivaa kanzu ya mjomba (yangu ina kiraka, na mimi ndiye fundi). Mjomba mwenyewe ndiye mshenga. Lori likatushusha, tukapanda mlima kwa miguu mpaka kwenye kile kijito.

Nikaomba tupumzike. (Sikuwa nimechoka.) Nikachuchumaa ukingoni, nikakodoa macho. Na kweli, nikakaona! Kadudu kameganda juu ya maji, mgongo ukapasuka kama mshono uliobana, kakaanza kujitoa taratibu, mabawa yamekunjamana, gamba linaburutika nyuma. Nikamtoa mdudu wa Bwana mfukoni, nikalinganisha. Ni yuleyule! Nilifurahi hadi nikasahau nilikokuwa nakwenda.

Mjomba akaniita, akanikumbusha kwamba wenyeji wanatusubiri.

Basi hapo ndipo nilipoharibu. Sisi mafundi tukikatizwa kazi, sindano tunaichomeka kwenye nguo tuliyovaa. Mkono unafanya wenyewe. Nikamchomeka mdudu kwenye pindo la mkono wa kanzu, nikaondoka.

Tulipokelewa vizuri. Mjomba alinisifu mpaka nikatamani kujioa mwenyewe. Baba yake Hidaya alikuwa anaitikia kwa kichwa. Tukaambiwa tukanawe mikono. Natoka mlangoni, mama mkwe huyo anaingia na sinia la ndizi. Mlango wenyewe mwembamba, na mnajua kwetu mtu hapiti karibu na mama mkwe. Nikainamisha macho, nikajibana ukutani, nikamwamkia. Akaitikia, akapita. Kanga yake ya kichwani haikupita.

Nikavuta mkono. Kanga ikaja. Mama akasimama, sinia mikononi, kichwa wazi. Nikavuta tena. (Akili ilikuwa imeniruka.) Sindano ingetoka. Ndoano ina kijino, ikishanasa hairudi nyuma.

"Baba, niachie kanga yangu," mama akasema polepole.

"Sijaishika, mama." Na mkono wangu umo ndani ya kanga, ukumbi mzima unaona.

Mjomba akafunika uso. Huko jikoni nikasikia Hidaya anacheka, na hicho ndicho kilichoniuma zaidi. Bahati yangu natembea na mkasi mdogo mfukoni. Nikate kanga ya mama mkwe au kanzu ya mjomba? Nikakata kanzu. Mama akaenda zake na kanga, kipande cha mkono wa kanzu, na mdudu wa Bwana.

Tukala ndizi haraka haraka. Wakati wa kuaga, mjomba akauliza kwa unyenyekevu tutegemee jibu gani.

"Jibu analo mama yake," mzee akasema, bila hata kutabasamu. "Na yule mdudu wenu pia anaye."

Kesho asubuhi Bwana anamtaka mdudu wake. Mimi namtaka Hidaya. Wote wawili wako kwa mama mmoja ambaye siwezi hata kumtazama usoni. Sasa atakayecheka hapa, huyo ndiye nitakayemtuma akawaombe.